Majini wa Bahari Moja

Nawazungumzia wasikilizaji walioko nyumbani Afrika Mashariki na walioko huku Ghuba pamoja nami.

Leo nawapeleka baharini usiku, enzi ambazo Dubai haikuwa na taa ya barabarani hata moja. Jahazi limetia nanga kwenye heri za lulu, yaani mahali baharini penye chaza wa lulu. Wazamiaji wamelala sitahani wamebanana, ngozi zimeliwa na chumvi, masikio yanauma kwa kushuka vilindini kutwa nzima. Baada ya isha inasikika sauti kutoka gizani: mtu anazama, anaomba aokolewe. Baharia mgeni anakurupuka na kurusha kamba. Baharia aliyefundwa hafanyi hivyo. Anawaamsha wenzake kwanza, kisha wote kwa sauti moja wanaitisha msumeno na tezo, vyombo vya fundi wa jahazi. Leteni msumeno! Leteni tezo! Aliyekuwa akilia akisikia habari ya msumeno hupiga mbizi na kutoweka, kwani hakuwa mtu. Alikuwa Baba Darya, jini wa bahari mwenye umbo la mwanamume mkubwa. Huyo akishapandishwa chomboni, hula akiba ya chakula, huharibu chombo, na pengine huondoka na baharia mmoja.

Wazee wa Falme za Kiarabu, kuanzia Dubai hadi Ras Al Khaimah, wamekua na hadithi hii. Mimi kila nikiisikia navutwa na jambo moja. Hebu mwondoe jini, utazame kinachobaki. Kinabaki kwamba usiku lazima awepo mtu macho. Kinabaki kwamba sauti ya gizani haifuatwi na mtu mmoja peke yake, na kwamba kamba ya chombo hairushwi ovyo mahali ambapo maharamia na wezi wa lulu nao wanajua kulia. Kinabaki kwamba kila mtu chomboni ajue tezo iko wapi na msumeno uko wapi, hata kwenye giza. Hizo ni kanuni za kazi. Kijana wa miaka 12 aliyepelekwa baharini kuvuta kamba za wazamiaji hazikumbuki kanuni kwa sababu nahodha amezitaja asubuhi. Anazikumbuka kwa sababu usiku wa kwanza alisimuliwa habari za Baba Darya na hakupata usingizi.

Nisemalo leo basi ni hili: majini wa pwani hii, na majini wa pwani yetu, wamewekwa kila mmoja mahali pake, kwenye hatari ya kweli, kwa saa yake na kwa kazi yake. Na kwa kuwa Dubai na Mombasa, Ras Al Khaimah na Unguja, wameishi kwa bahari moja na pepo zilezile za kaskazi na kusi, majini wao wanajuana.

Tazameni kwetu. Mtoto gani wa Tanga, Bagamoyo, Lamu au Mji Mkongwe hajaonywa habari za chunusi? Anaambiwa pale chini ya daraja pana chunusi, pale penye kilindi kando ya mwamba pana chunusi, usiogelee. Chunusi hapandi chomboni kama Baba Darya. Yeye anavuta mguu. Tofauti hii inatokana na maisha. Watoto wa pwani yetu huchezea kando ya maji, kwenye hori na mikoko, ambapo maji yakitoka huwa na nguvu ya kumchukua mtu mzima. Wanaume wa Ghuba walikaa kwenye heri za lulu karibu miezi minne ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, bila kukanyaga nchi kavu. Wa kwetu jini wao yuko ufukweni. Wa huku jini wao anawafuata chomboni.

Sasa twende kwenye mlango wa Hormuz. Anayetoka Dubai kwa jahazi kwenda Mombasa au Unguja hana njia nyingine: lazima aizunguke rasi ya Musandam ndipo aione bahari kuu. Hapo kuna visiwa vidogo vya mawe matupu, na maji yake yanazunguka na kugongana. Mabaharia wanaviita Salama na Binti Zake. Salama ni jini mwanamke, anakaa hapo na wanawe, na akikasirika huyazungusha maji mpaka chombo kimezwe. Manahodha walipokuwa wakipita hapo walitupa chakula baharini, sehemu ya shehena yao, ili Salama awaachie njia. James Morier, Mwingereza aliyesafiri Ghuba mwanzoni mwa karne ya 19, aliandika kwamba mabaharia wa Kihindi nao walipoipita rasi hiyo walitupa nazi, matunda na maua. Kwa hiyo Mwarabu na Mhindi walikuwa na dini tofauti na lugha tofauti, lakini penye mkondo ule wote wawili walisimamisha shughuli zao na kutoa kitu.

Nikisoma habari hizo huwa naukumbuka mkondo wa Nungwi, kati ya Unguja na Pemba, ambao kila nahodha wa kwetu anauheshimu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama huko ikielekea Pemba, imejaza watu na mizigo kupita kiasi, na mamia ya ndugu zetu walikufa. Sisemi kwamba wangetupa tende baharini wangepona. Nasema kwamba nahodha wa zamani aliyejiandaa kumpa Salama sehemu yake alikuwa amekwisha kutulia, ameyatazama maji, ameupima upepo, na amejua chombo chake kimebeba nini. Kuliogopa eneo lile kulimlazimisha afanye hivyo. Hofu ile ilipoondoka, ilitakiwa sheria na ukaguzi vije kukaa mahali pake, na siku ile havikukaa.

Kuna mahali pengine ambapo sheria imekaa vizuri kwenye kiti cha jini, na ni hapahapa Dubai. Watoto wa Kiimarati walitishwa kwa Punda wa Adhuhuri, Himarat al-Qayla kwa Kiarabu chao. Huyu hutembea jua likiwa utosini, saa ambazo mchanga unaunguza nyayo, na hukamata watoto waliotoroka majumbani wakati wakubwa wamelala. Kwetu nako bibi zetu walikataza kutoka saa saba mchana na wakati wa magharibi, kwamba hizo ni saa za majini, hasa chini ya mibuyu. Leo katika nchi hii, kuanzia tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba, kazi za juani zimepigwa marufuku kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa. Mwajiri akikiuka anatozwa faini. Vijana wetu kutoka Kenya, Uganda na Tanzania wanaolinda mageti na kupeleka chakula kwa pikipiki wanaijua saa hiyo kwa miili yao. Lami inatoa moshi, kofia ya pikipiki inakuwa moto, na mtu anaweza kuanguka bila kuumwa popote. Saa iliyolindwa na punda wa hadithi ndiyo saa ileile inayolindwa na wizara, na napenda kuamini kwamba aliyeandika amri hiyo aliwahi kuwa mtoto aliyeambiwa asitoke.

Lakini kiumbe maarufu kuliko wote huku ni mwanamke. Anaitwa Umm al-Duwais. Anatokea usiku, mrembo asiye na mfano, amevaa dhahabu, na kabla hujamwona unamsikia kwa harufu: miski, udi, uturi wa bei. Mwanamume anayemfuata hugundua mambo baadaye, wakati amekwisha kuiacha njia yenye watu. Macho yake ni ya paka, miguu yake ni ya punda, na mkononi ana mundu. Wengine husema mkono wenyewe ndio mundu. Ukipita soko la manukato la Deira jioni, kwenye vile vichochoro vyenye chetezo mlangoni na moshi wa udi unaokushika nguo, utaelewa kwa nini watu wa hapa walimtambulisha jini wao kwa harufu. Udi ni kitu cha nyumbani na cha heshima. Huvukizwa mgeni, huvukizwa bibi harusi, huvukizwa nguo za Ijumaa. Harufu hiyohiyo ikikujia peke yake kwenye njia ya mchanga usiku wa manane, bila nyumba wala mlango, kuna jambo.

Msikilizaji wa Mombasa hapo amekwisha kutabasamu, maana na yeye ana wake. Mwanamke wa kwato! Dereva anampakia msichana mzuri njiani usiku, amejifunika buibui, ananukia asumini, na taa ya ndani ikiwaka dereva anaona chini ya buibui miguu ya mbuzi au ya ng'ombe. Hadithi hii inasimuliwa Mombasa, Malindi, Tanga na Dar es Salaam, na kila msimulizi anamjua mtu aliyemjua dereva huyo. Jini wa Ghuba ana miguu ya punda, wa kwetu ana kwato. Wa Ghuba ananukia miski, wa kwetu asumini. Wa Ghuba humtokea msafiri anayetembea kwa miguu, wa kwetu husubiri gari. Mengine ni mamoja.

Wako wanaosema hadithi ya Umm al-Duwais inawaonea wanawake kwa kumfanya mwanamke mzuri kuwa muuaji. Nimeifikiria hoja hiyo na siikubali yote. Hadithi hii haikusimuliwa kwa wasichana ili waogope uzuri wao. Ilisimuliwa kwa wavulana, na aghalabu msimulizi alikuwa mama au bibi. Ndani yake mwenye mke wake nyumbani akanyoosha njia hapatwi na lolote. Anayekatwa ni yule aliyeona mwanamke peke yake gizani akadhani amepata cha bure. Mama mwenye binti anayechota maji jioni alikuwa na sababu nzuri sana ya kuwajaza hofu hiyo vijana wote wa mtaa.

Sasa niwaingize katika nyumba moja. Upande wa Shindagha, mdomoni mwa hori la Dubai, ipo nyumba ya Sheikh Saeed Al Maktoum iliyojengwa mwaka 1896, na mbele kidogo upo mtaa wa zamani wa Al Fahidi wenye minara ya kunasa upepo. Ingia chumba chochote cha zamani pale, uinue kichwa. Utaona boriti. Nyeusi kidogo, duara, zimepangwa moja baada ya moja, juu yake mkeka wa makuti ya mtende, juu yake udongo. Hizo ni boriti za mikoko, na Ghuba yote haina msitu wa kuzitoa. Zilitoka Lamu na delta ya Rufiji. Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri mwaka 1939 na jahazi la Kuwait mpaka Rufiji na kuwaona mabaharia wakizipakia kwenye matope. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba kama vya Mji Mkongwe. Mtoto wa Dubai aliyelala chali akisikiliza hadithi za Baba Darya alikuwa akitazama mikoko yetu.

Jahazi lililobeba boriti lilibeba na watu, na hapa ni lazima niseme wazi: si wote waliokuja kwa hiari. Mwishoni mwa karne ya 19 lulu ilipotakiwa sana Bombay, Ulaya na Marekani, Waafrika wengi walichukuliwa utumwani kutoka pwani ya Afrika Mashariki wakaletwa kuzamia na kulima mitende katika Ghuba. Walikuja na miili yao tu, hawakuruhusiwa kubeba kitu. Hata hivyo kuna kitu walikuja nacho ambacho hakuna mwenye jahazi angeweza kukinyang'anya, nacho kinapigwa Dubai hadi leo.

Siku ya harusi, au tarehe 2 Desemba wakati wa sherehe za taifa, ukibahatika utaikuta ngoma ya leiwa. Mpiga zumari anasimama katikati, mashavu yamejaa pumzi, anageuka taratibu akiitafuta kila pembe ya duara. Wachezaji wanamzunguka, wanakwenda mbele, wanainama, wanageuka pamoja. Ngoma ndefu imesimamishwa wima na mpigaji wake amesimama nayo kifua kwa kifua, na debe la bati linachapwa kwa vijiti. Ngoma ile ndefu wanaiita msondo. Na kwenye nyimbo zao yamo maneno ya Kiswahili, mengine yamechakaa kiasi kwamba waimbaji wenyewe hawayajui maana, wanayaimba kwa sababu babu aliyaimba hivyo. Mara ya kwanza nilipolisikia neno la kwetu likitoka kinywani mwa mzee mwenye kanzu nyeupe na agali kichwani, machozi yalinitoka, na sioni haya kulisema.

Pamoja na leiwa zilikuja pia ngoma za pepo. Iko zari, iko na nuban yenye kinanda cha tambura na mkanda ulioshonewa kwato za mbuzi; mchezaji akitikisa kiuno, kwato zinagongana na kutoa sauti ya mvua kwenye majani makavu. Katika zari mgonjwa amepandwa na pepo, na pepo ana asili yake, ana lugha yake na ana anachokitaka. Na huku Ghuba pepo hao aghalabu ni wa Kiafrika. Wanataka ngoma, wanazungumza maneno ya ng'ambo.

Sasa vukeni bahari mwende Unguja kwenye kilinge. Huko mgonjwa mwenye rohani amepandwa na nani? Amepandwa na pepo Mwarabu. Rohani ni msafi, Mwislamu, anataka udi, anataka maji ya waridi, anataka nguo nyeupe. Wako pia kina habshia waliotoka Uhabeshi, na kibuki waliotoka Bukini, yaani Madagaska. Mwaona ajabu hii? Mwarabu akiugua, anayempanda ni Mwafrika. Mswahili akiugua, anayempanda ni Mwarabu. Kila pwani imemweka ndani ya mwili wake yule wa pwani ya pili, bwana na mtumwa, mfanyabiashara na mteja wake, wote waliokutana kwenye jahazi na wasisemezane yote. Vitabu vya historia vya nchi zote mbili vimeandika mikataba na majina ya masultani. Jinsi watu walivyoishi ndani ya nafsi za wenzao, kwa mapenzi na kwa uchungu, imehifadhiwa na waganga na wagonjwa. Hili kwangu ndilo jambo kubwa kuliko yote katika habari hizi, na nasikitika kwamba wengi wa pande zote mbili wanalionea aibu.

Najua mashekhe wa huku na wa kwetu wanazikataza ngoma za pepo, na hoja zao za kidini ni nzito. Siwaiti watu kilingeni. Nasema historia iliyomo humo ni yetu.

Si kila hadithi, hata hivyo, ni ya kuisimulia kwa furaha. Kule Oman, na katika milima inayopakana na Falme za Kiarabu, watu husimulia habari za al-mughayyab, aliyefichwa. Mtu amekufa, amezikwa, matanga yamekwisha, kisha inasemwa kwamba hakufa. Mchawi amemchukua, ameacha mfano wake kaburini, na yeye anamtumikisha mafichoni. Mtanzania hapo hahitaji maelezo. Ni msukule. Kwetu wanasema kilichozikwa ni mgomba, na mwenyewe analimishwa usiku. Mji wa Bahla kule Oman una sifa ya majini na uchawi kama Pemba ilivyo na sifa hiyo kwa watu wa bara, na sifa hizo zimewachosha wenyeji wa pande zote mbili.

Hadithi ya aliyefichwa imezaliwa na vifo vya ghafla, vya vijana, vifo ambavyo moyo wa mama hauvikubali. Naielewa. Lakini humo ndani tayari kuna mshitakiwa. Baba Darya hana nyumba mtaani, Salama hana jirani. Msukule ana mchawi, na mchawi ana jina, na mara nyingi jina hilo ni la kikongwe mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni. Kule Usukumani vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma za namna hiyo, na watu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa sababu waganga matapeli walitangaza kwamba viungo vyao vinaleta utajiri. Mtu anayependa hadithi za kale kama mimi ana wajibu wa kusema kwa sauti kwamba mauaji hayo si mila, ni jinai, na msimulizi anayemtaja binadamu aliye hai kuwa mchawi ameshika panga.

Na kwa kuwa nimefika hapo, niwaambie wasafiri. Sheria ya adhabu ya Falme za Kiarabu, iliyoanza kutumika Januari 2022, inaadhibu uchawi na ulaghai wake kwa kifungo na faini isiyopungua dirham 50,000. Forodha ya Dubai ina maofisa waliofunzwa kuzitambua hirizi, kombe, mifupa na dawa za kienyeji kwenye mizigo, na mara kwa mara hutangaza walichokamata. Mfanyabiashara wetu anayekuja Deira kununua mzigo wa kontena akiwa amefungwa hirizi ya biashara kiunoni ajue anapita mlango gani.

Niwarudishe kwenye hadithi zenyewe, safari hii za miji iliyoachwa. Ras Al Khaimah, mwendo wa saa moja hivi kutoka Dubai kwa gari, kuna mji mtupu unaoitwa Al Jazirah Al Hamra. Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe, msikiti wake umesimama, na wakazi wake, watu wa kabila la Za'ab, waliondoka mwaka 1968 wengi wao wakahamia Abu Dhabi. Tangu watoke, watu wanasema mji umeshikwa na majini. Vijana huenda usiku kupima ujasiri wao. Mwaka 2013 ilitoka filamu ya kutisha, Djinn, iliyoongozwa na Mmarekani Tobe Hooper kwa fedha za Abu Dhabi, kuhusu jengo la ghorofa lililojengwa juu ya mji huo na jini mama anayemtafuta mwanawe. Nani asiyeukumbuka mji wa Gede akisikia hayo? Gede iko msituni karibu na Watamu, Kenya, mji wa matumbawe ulioachwa karne kadhaa zilizopita, na wenyeji wanasema wazee wake bado wanaulinda na anayechukua kitu chake huandamwa. Tangu 2024 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Mji ulioachwa una hatari zake za kawaida kabisa: kisima kilicho wazi, ukuta uliolegea, nyoka, mtu mwenye nia mbaya aliyejificha. Ila naona jini wa mahame ana kazi nyingine pia. Anakataza watu wasichukue milango. Mlango wa kuchonga una bei, jiwe la matumbawe lina bei, na kinachozuia mikono kwa miaka 50 bila mlinzi wa mshahara ni hofu hiyo.

Waimarati wenyewe wamelishughulikia jambo hili kwa bidii ninayoitamani. Mtafiti Abdulaziz Al Musallam wa Sharjah alikaa na wazee, akakusanya majina, maumbo na visa vya viumbe hawa, akavitia kwenye ensaiklopidia. Yeye ndiye aliyeongoza Taasisi ya Urithi ya Sharjah, na mji huo una kongamano lake la wasimulizi ambapo bibi na babu wanapewa jukwaa na heshima inayowastahili. Kwetu, Askofu Edward Steere alichapisha ngano za Unguja mwaka 1870, na ndani yake yumo Nunda mla watu, ambaye kila mwanafunzi wa pwani anamjua. Hizo zilikuwa ngano za nyumbani. Ngano za baharini, za watu wa mikondo na nanga, nyingi bado zimo vichwani.

Na vichwa hivyo vingine viko huku. Baada ya mapinduzi ya 1964 Wazanzibari wengi walikimbilia Ghuba, na waliokuja wakiwa vijana leo ni wazee wanaokaa kwenye ghorofa za Deira, Sharjah na Ajman, wanaangaliwa na wajukuu wanaozungumza Kiarabu na Kiingereza. Bibi mmoja wa namna hiyo, asili yake Wete, aliniambia kwamba alipofika Dubai na kusikia majirani wakiwatisha watoto kwa Baba Darya, aliona ameshafika kwa watu anaowajua, ijapokuwa Kiarabu chao kilimpita. Wajukuu zake walikuwa sebuleni na simu zao. Hawakuwa wamewahi kumsikia akisimulia, maana hakuna aliyemuomba.

Basi wasikilizaji, nawaomba kazi. Mliopo Pate, Faza, Kilwa, Mafia, Nungwi, Vumba, na mliopo huku Ghuba: muulizeni mzee wenu jini wa bahari ya kwao anaitwa nani, anakaa wapi hasa, anatoka saa ngapi, anafukuzwa kwa kitu gani, na ni kazi gani iliyowakutanisha watu na yeye. Msimkatize, na kama akitaja mwamba au mkondo, mwandike jina lake kama anavyolitamka. Mrekodi kwa simu, kwa idhini yake, mtutumie sauti hiyo hapa studio. Nitazipiga hewani zikiwa kwa sauti za wenyewe, tukianzia na ya bibi wa Wete, ambaye amekubali.